Mwaka Ambao Selina Hakuolewa

Tulimzika Selina kule Kabazi, mvua ikiwa imekatika asubuhi hiyohiyo na udongo bado unashika viatu. Watu wa chama cha wafanyakazi walikuja basi zima, wamevaa fulana zenye picha yake ya uzeeni, na msemaji wao akasoma kwa Kiingereza kwamba marehemu ndiye mwanamke wa kwanza kuketi kwenye kamati ya wafanyakazi wa simu upande wetu wa Bonde la Ufa. Sentensi moja, makofi, wimbo, kisha tukarudi chini ya mahema kula. Hapo ndipo Jerop, kifungua mimba wake, ambaye naye sasa ana wajukuu, alipovuta kiti cha plastiki akaketi karibu nami.

"Auntie Esta, acha nikuulize kitu," akasema. "Shangazi zetu wamekuwa wakisema tangu tukiwa wadogo ati Mum alimkataa Dad. Ati wazee walikuwa wameshakubaliana, yeye akamwaibisha, halafu baadaye akabadilisha maneno. Ni ukweli?"

Nikamwambia hakumkataa.

"Sasa ni nini kilitokea?"

Vipaza sauti vilikuwa vimeanza tena, na siku hizi sikio langu la kushoto, lile lililovaa hedifoni miaka mingi, halinisaidii sana. Nikamwambia jambo hilo si la kupigiana kelele juu ya sahani ya wali. Nitalikalia chini nilieleze lote. Basi nimelikalia chini. Mimi ndiye niliyebaki kati ya waliokuwa katika chumba ambamo jambo hilo lilisemwa, na nikinyamaza, kitakachobaki ni maneno ya shangazi.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa, na ofisi ya simu ya Nakuru ndiyo kwanza imeanza kuwaketisha wasichana Waafrika kwenye bodi ya kuunganishia simu. Walitaka wasichana wa shule za misheni, wanaojua Kiingereza, wasio na waume. Selina Chelagat alikuwa amenitangulia. Siku niliyofika na sanduku langu la bati, yeye ndiye aliyetumwa kunipokea, na kabla hajaniuliza jina aliniuliza, "Umekula?" Sikuwa nimekula. Akanipeleka Bondeni, kwa Mama Rukia, mama wa Kinubi aliyekuwa na nyumba ndefu ya mabati yenye milango mingi na ua mmoja. Chumba cha Selina kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, pazia la maua lililotenga vitanda na mahali pa mgeni, stovu ya mafuta ya taa, na dirisha tulilolifunga kiangazi kizima kwa sababu upepo wa ziwani ulileta vumbi jeupe lililoingia mpaka kwenye unga. Mpaka leo nikitafuna chembe ya mchanga ndani ya ugali nakumbuka chumba kile, na wala sikasiriki. Asubuhi Mama Rukia alitupitishia gurusa, ile mikate yao laini, ikiwa bado ina joto la kikaango, na kila alipoipitisha alikuwa na neno. "Nyinyi wasichana wa waya," alituita. "Mnaongea na dunia nzima, na hapa uani hamniambii hata moja." Selina alikuwa akicheka na kumwambia, "Mama, tukikuambia moja utataka na ya pili."

Kazi yenyewe, watu wa leo hawawezi kuifahamu bila kuambiwa. Mtu akiinua simu shambani kwake Subukia au Njoro, kibao kidogo kama ukucha kilianguka kwenye bodi mbele yetu, tik. Ulichomeka waya, ukamwuliza anataka nani, ukachukua waya wa pili ukamchomeka huyo anayetakiwa, ukahakikisha wamesikiana, kisha ukafunga ufunguo wako, ile swichi ya kusikilizia, usisikie. Hiyo ya kufunga ndiyo tuliyoapishwa. Lakini katika ile nafasi ndogo ya kuhakikisha, maneno yalipita, upende usipende: ngano imeingia kutu, ng'ombe wa maziwa amekufa na ndama tumboni, mtoto yuko hospitali na daktari hajasema kitu. Tulijua mambo ya wazungu wa wilaya nzima, nasi tulipokutana nao barabarani wakapita kama hawatuoni, tulipita nao kama hatuwajui. Tulikuwa watano Waafrika, tumewekwa mwisho wa bodi karibu na mlango. Wengine walikuwa wake wa wazungu, na juu yetu sote alikuwa Memsahib Marlow, msimamizi, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta mabegani hata jua likiwaka, na aliyetembea nyuma ya viti vyetu taratibu mno hata ukamsahau.

Selina alikuwa na sauti. Sisemi nzuri ya kuimba kanisani, ingawa na hiyo alikuwa nayo. Nasema sauti iliyomfanya mtu aliyepiga simu na hasira ashushe pumzi. Mimi mwanzoni nilikuwa natetemeka, nachomeka waya pasipo pake, natukanwa masikioni na watu nisiowaona. Selina aliniinamia, huku mikono yake ikiendelea na kazi, akasema kwa chini, "Wewe sema polepole. Yule ana haraka, wewe huna." Ndivyo nilivyojifunza kazi.

Na kulikuwa na Barnaba. Alikuwa mwalimu katika shule ya msingi ng'ambo ya Subukia, kijana mrefu mwenye kofia aliyoivua kabla hajafika mlangoni na kuishika kifuani kama amekuja kuomba msamaha. Alikuja baadhi ya Jumapili kwa lori la maziwa, akiwa na kibuyu cha maziwa yaliyotiwa mkaa jinsi mama yake alivyoyatengeneza. Mimi kwetu hatunywi hivyo, lakini niliyanywa mpaka nikayazoea, kwa sababu Barnaba alikuwa ananitazama kwa wasiwasi kila nilipoweka kikombe mdomoni. Aliongea kidogo. Alikaa kwenye kiti upande wa mgeni, Selina akakata mboga, na waliweza kukaa hivyo alasiri nzima, yeye akisoma gazeti kwa sauti na Selina akimrekebisha Kiingereza. Mama Rukia, ambaye hakuruhusu wanaume uani kwake, alimruhusu huyo. "Huyu hata akiiba ataomba ruhusa," alisema. Harusi ilikuwa imepangwa Desemba, shule zikifungwa.

Sasa nije kwenye chama. Kilikutana katika ukumbi wa jamii pale Bondeni, Jumapili baada ya kanisa, askari kanzu wawili wakiwa wameketi karibu na mlango na kila mtu akiwajua. Wanachama walikuwa wanaume: mafundi wa nyaya, makarani, watu wa kubeba nguzo. Wasichana wa bodi tulikuwa tumeandikishwa, lakini tuliitwa kwa kazi moja, kupika chai. Selina alisema twende. Tukapika, tukamimina, tukagawa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ondiek, fundi wa nyaya, mtu mpana aliyechechemea mguu mmoja. Alipomaliza kikombe chake akasema kwa upole kabisa, "Asanteni kwa chai, dada zetu. Sasa mnaweza kutuachia ukumbi tuendelee na mambo ya chama."

Selina akaweka birika chini, akaenda akaketi benchi la mbele. Mimi nilibaki nimesimama na trei. "Mzee, mimi nimeandikishwa kama hawa," akasema. "Nina jambo."

Mtu mmoja nyuma akaita, "Utapanda nguzo nasi, mama?" Ukumbi ukacheka.

"Sipandi," Selina akasema bila kugeuka. "Lakini wewe ukiwa huko juu, ukitaka kujua kama waya umeshika, unaita nani?"

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yule. Lakini Mzee Ondiek hakucheka. Aliinua mkono watu wanyamaze. "Hebu sema tena," akamwambia.

"Niseme nini, mzee?"

"Chochote. Sema Nakuru."

Selina akamtazama, hajui ni mtego au ni nini. Kisha akasema kama tulivyosema siku nzima kwenye bodi, "Nakuru. Nakusikia, endelea."

Mzee Ondiek akaketi chini. Akaufuta uso wake na kiganja. "Ni wewe," akasema. Halafu akawageukia watu. "Huyu ndiye alikaa na mimi siku ile nilianguka Kikopey." Wakati huo Kikopey hakukuwa na nyama choma wala magari yamejipanga, kulikuwa na mawe, upepo, na nguzo za simu zinazopanda mlima. Fundi alipanda nguzo na simu ndogo ya kupimia waya, akaunganisha, akaita mjini kujua kama inasikika. Ondiek alianguka na ile simu ikaning'inia karibu naye, ikiwa bado imeshika waya. Mguu ulikuwa umevunjika na mwenzake alikuwa ameondoka na lori. Selina aliita lori kwa kutumia laini nyingine, kisha akabaki naye, huku anaunganisha watu wengine kwa mkono wa pili, mpaka walipofika kumchukua.

"Uliniambia nisilale," Ondiek akasema. "Uliniambia niimbe."

"Na uliimba vibaya," Selina akajibu.

Ukumbi wote ukalipuka, hata askari kanzu mmoja akainamisha kichwa kuficha meno. Ondiek na Selina walikuwa wameongea kwenye waya mara nyingi baada ya siku ile bila kuonana. Alidhani ni mzungu, akatuambia baadaye, kwa kuwa alipoanguka hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ofisini kuna sauti za Waafrika.

Jambo la Selina lilikuwa hili: mwanamke Mwafrika kwenye bodi akiolewa alitoka kazini siku hiyohiyo. Wake wa wazungu waliolewa, wakazaa, wakarudi kwenye viti vyao. Alieleza hivyo tu, hakupandisha sauti. Wanaume wengine waliguna kwamba mke hukaa nyumbani, kwani shida iko wapi, lakini Mzee Ondiek akasema jambo limesikiwa na litaingia katika yale ya kupelekwa kwa wakubwa, na kwamba kamati inahitaji mtu wa kulisema. Mikono ikainuliwa, na Selina akaingia kwenye kamati. Tulirudi nyumbani na sufuria zetu, na Selina akanishika mkono njia nzima, mkono wake baridi kama umetoka mtoni. "Esta, nilikuwa naogopa," akasema. "Uliona nilivyoogopa?" Sikuwa nimeona.

Naomi alikuwa mmoja wetu watano, msichana wa Kisii, mcheshi, aliyejua kuiga sauti ya kila mkulima wa Molo. Alikuwa ameolewa kwa siri tangu Pasaka. Sisi tulijua kwa sababu pete aliivaa kwenye uzi shingoni, ndani ya blauzi. Baada ya mvua ndefu kwisha akaanza kutoka kwenye kiti kila asubuhi na kurudi na uso umekuwa wa majivu. Memsahib Marlow alipita nyuma yake mara kadhaa. Siku moja akasimama, akamgusa bega, akamwambia aje ofisini. Mlango haukufungwa vizuri, nasi tulisikia. Hakumfokea. Alimwuliza kama ni kweli, Naomi akasema ni kweli, ana mume, ni mtu wa reli. "Naomi, wewe unajua kanuni," memsahib akasema, na sauti yake ilikuwa inakatika. "Mimi siitungi." Naomi alitoka amefunikwa sweta la memsahib mabegani. Nimefikiria sana juu ya sweta lile. Kama angemfokea, ingekuwa rahisi kwangu kumchukia, na miaka mingi nilitaka kumchukia mtu kwa ajili ya asubuhi ile.

Jumapili iliyofuata Barnaba alikuja na habari kwamba wazee wa kwao na wa kina Selina wameonana na kila kitu kiko sawa. Mimi nilikuwa kitandani nyuma ya pazia, nina homa, na pazia halikuwa ukuta.

"Barnaba, nataka nikuombe kitu kikubwa," Selina alisema. "Nataka usubiri."

"Nisubiri nini?"

"Nikiolewa Desemba, Januari siko kazini. Nisipokuwa kazini siko kwenye kamati. Na hilo neno la Naomi hakuna mwingine atakayelisema. Wale wanaume ni wazuri, lakini wakifika mbele ya mkubwa watalisema la mwisho, wakati watu wameshachukua kofia."

Nilisikia stovu ikipumua. "Wazee wameshakubaliana," Barnaba akasema. "Nitawaambia nini? Kwamba mke wangu ameolewa na simu?"

"Waambie nimekuomba."

"Watasema umenikataa."

"Wewe utajua sijakukataa."

"Mpaka lini, Selina?"

"Sijui," akasema. "Ningekuwa najua ningekuambia."

Nilisikia kiti kikisogea. Chai yake ilibaki juu ya meza, na kibuyu akakiacha, hakuchukua kile kitupu cha kubadilishana kama desturi yake. Selina hakulia. Alikuja nyuma ya pazia, akaweka mkono kwenye paji la uso wangu, akasema homa imeshuka, kisha akalala karibu nami na viatu vyake miguuni, ananitazama. Jerop, mwanangu, huko ndiko kukataa kwenyewe. Wengine wote walisikia hadithi yake kutoka kwa watu ambao hawakuwa nyuma ya pazia.

Majuma yakapita na Barnaba hakuja. Kamati ilipewa nafasi ya kuonana na mkubwa kutoka Nairobi, siku ya Ijumaa, na Selina alikuwa anajizoeza maneno yake wakati wa kuosha vyombo. Juma lilelile, nikiwa kwenye bodi, niliunganisha simu ya kutoka ofisi ya meneja wetu kwenda Nairobi. Nilichomeka, nikasikiliza kama wanasikiana, na kabla mkono wangu haujafika kwenye ufunguo nikasikia jina la Selina. Nilifunga. Nilifunga, lakini yaliyokwisha kuingia yalikuwa yameingia: wanataka kumhamisha kabla ya Ijumaa, apelekwe kwenye kituo kidogo huko mlimani ambako hakuna kamati wala mwenzake wa kuongea naye.

Nilitoka zamu nikakimbia mpaka Bondeni. Selina alikuwa anachekecha unga wa chapati uani, Mama Rukia karibu naye akichambua mchele. Nikamvuta ndani. "Dada, leo nimesikia kwenye laini," nikaanza, na hapohapo mkono wake wenye unga ukafunika mdomo wangu.

"Usiniambie."

Nikautoa mkono. "Ni juu yako!"

"Basi hasa usiniambie. Esta, wametuweka kwenye ile bodi huku wanasema hatutaweza kunyamaza. Siku tutakapotumia tulichosikia, watafunga mlango na watakuwa na haki. Si kwangu tu. Kwa kila msichana anayekuja nyuma."

"Watakuumiza," nikasema. Nilikuwa nalia sasa, na unga midomoni.

"Wakiniumiza, wataniumiza nikiwa msafi." Akanifuta uso kwa kanga yake. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama nataka chapati za maji au za kusukuma. Nikasema za kusukuma. Tulikula, na kila alipoinua macho nilitazama sahani. Nimebeba siri nyingi za watu katika maisha yangu ya kazi. Hakuna iliyonikaa kooni kama ile, ya mtu aliyeketi mbele yangu akinipakulia maharagwe.

Alhamisi wakamwita. Kesho yake asubuhi apande treni kwenda Londiani. Alirudi kwenye bodi akamalizia zamu yake, sauti haikubadilika hata kidogo, na jioni, jua likiwa bado halijazama, alipitia kwa Mzee Ondiek akamwambia habari yake mwenyewe, iliyokuwa haki yake kuisema. Nilikuwa naye. Mzee aliuliza, "Ulijua?" Selina akasema hapana. Mzee akanitazama mimi, nami nadhani alielewa kila kitu. "Lakini mkigoma, msigome kwa ajili yangu," Selina akamwambia mzee. "Mimi nimehamishwa, watu huhamishwa. Mgome kwa ajili ya Naomi."

Nilimsindikiza stesheni Ijumaa alfajiri. Mama Rukia alimfungia gurusa ndani ya kitambaa na kumkemea kwa nini hana koti zito. Treni ilipoondoka nikaenda moja kwa moja kazini, na nilipoingia ua wa ofisi nikakuta ngazi zimelazwa chini, mikanda ya kupandia nguzo imewekwa juu yake, na mafundi wameketi ukutani wamekunja mikono, Mzee Ondiek katikati na mguu wake umenyooshwa mbele. Askari wenye bunduki walikuwa wameshaanza kushuka kwenye gari. Katika siku zile ungeweza kufungwa bila kuulizwa chochote, na kila mmoja pale ukutani alijua hivyo. Mzee alinitazama nikipita. Hakuniambia nifanye nini.

Nikaketi. Nikavaa hedifoni. Zamu ya alfajiri ilikuwa yetu Waafrika peke yetu, wake wa wazungu walikuwa hawajaingia. Vibao vikaanza kuanguka, kama kila Ijumaa wakulima wanapotafuta soko la Nairobi: tik, tik. Niliunganisha mmoja, nikaunganisha wa pili. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yenyewe kama ya Selina, nami nikamkumbuka Naomi akiondoka na sweta lisilo lake. Nikavua hedifoni nikaiweka mezani. Mwenzangu wa kulia akanitazama, akavua yake. Kisha wa tatu. Vibao viliendelea kuanguka mbele yetu mpaka safu nzima ikawa imefunguka, na hakuna aliyejibu.

Memsahib Marlow alikuja mbio, akachomeka waya mwenyewe, akachomeka wa pili, akachanganya, akaacha. "Esta," akasema, "ni nini hiki?"

Nilikuwa sijawahi kumjibu mwanamke yule zaidi ya ndiyo memsahib na hapana memsahib. "Ni Naomi," nikasema. "Yeye alitaka kiti chake, kama wewe ulivyo na chako."

Alisimama pale. Nilidhani atamwita askari. Badala yake alivuta kiti cha Naomi, kilichokuwa bado hakijapata mtu, akaketi, mikono mapajani, akaitazama bodi pamoja nasi.

Hawakutufunga, ingawa Mzee Ondiek alichukuliwa akahojiwa, na mke wake alikaa nje ya kituo na kikapu cha chakula mpaka alipotoka. Alasiri mkubwa wa Nairobi, ambaye alikuwa amefika akakuta mji hausemi, aliita kamati. Kiti cha Selina kilikuwa kitupu, wakaniita mimi nikikalie. Sikumbuki vizuri nilichosema. Nakumbuka kwamba nilisema polepole. Haikuisha siku hiyo, wala mwezi huo. Lakini kabla ya mwaka kwisha kanuni ilibadilishwa: msichana akiolewa atabaki, na akijifungua atarudi. Naomi mwenyewe hakurudi, mume wake alikuwa amehamishiwa Kisumu na sikumwona tena, jambo ambalo linanisikitisha mpaka leo. Na Selina hakurudishwa. Wakubwa walipokubali moja walitaka kubaki na jingine.

Kwa hiyo nikawa nampata kwenye waya. Ilikuwa lazima tuseme yale ya kazi tu, "Nakuru, hapa Londiani," na "Endelea, Londiani," lakini nilijua kama amelala vizuri, kama ana mafua, kama baridi ya kule imemchosha. Nadhani naye alijua yangu. Chumba cha Bondeni kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Mama Rukia alianza kuja kula upande wangu bila kuitwa, akisema kwake kuna moshi.

Desemba shule zilipofungwa, karani wa kaunta alileta ombi la simu kwenda Londiani. Mpigaji yuko kwenye kibanda pale mbele. Niligeuka nikaona kofia kupitia kioo, imeshikwa kifuani. Kituo cha Londiani kilikuwa cha mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anatakiwa. Haikuruhusiwa kumpigia opereta akiwa kazini. Nikamtazama Memsahib Marlow, aliyekuwa amesimama nyuma yangu kama kawaida, naye akatazama kule kwenye kioo kwa muda, akalivuta sweta lake jipya mabegani, akasema, "Muunganishe."

"Londiani," nikaita.

"Nakuru, hapa Londiani, nakusikia."

"Una simu yako mwenyewe, Londiani. Kutoka kaunta."

Nikachomeka waya wa pili. Nilitakiwa kuhakikisha wamesikiana, na nilihakikisha. Barnaba akasema, "Selina. Ni mimi. Nimewaambia wazee nasubiri." Na Selina, ambaye sauti haikuwahi kumpotea hata siku ya Ondiek, alikawia, alikawia sana, kisha akasema, "Nakusikia. Endelea."

Nikafunga ufunguo wangu. Kibao kikaanguka upande mwingine, mkulima mmoja wa Njoro, ana haraka, anataka kiwanda cha mbao cha Londiani sasa hivi, ana malori yanasubiri, je, sijui yeye ni nani?

"Laini ya Londiani ina watu, bwana," nikamwambia. "Subiri."